Mtani Wako Atakuzika?

Baba alipofariki, mwaka 2006, mazishi yalisimama karibu saa nzima kwa sababu kuna Mhehe alikuwa amelala kaburini na hataki kutoka.

Mzee huyo na baba waliendesha malori pamoja tangu ujanani. Alitoka Iringa, akafika kwetu, nje kidogo ya Songea, jioni ya siku ya kwanza ya msiba. Hakumpa mtu pole. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akatungua koti la baba kwenye msumari, akalivaa, akaanza kuzunguka uani akichechemea vilevile kama baba na kuagiza chai kwa sauti ya baba: "Hii chai mmeikopa sukari au duka limefungwa?" Mama hakuwa amefungua kinywa tangu alfajiri. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia kwa mara ya kwanza.

Kesho yake, kabla jeneza halijateremshwa, mzee akaingia kaburini akajilaza. "Huyu Mngoni kamkimbia Shaka huko Uzuluni, kavuka Zambezi, katukimbia na sisi Wahehe. Leo anakimbia na deni langu. Sitoki mpaka nilipwe." Wajomba zangu wakamjibu palepale, kwa ule utani kwamba Wahehe hula mbwa: "Toka humo! Ukingoja chakula utangoja sana, hapa hatupiki mbwa." Makaburini watu walikuwa hoi kwa kicheko. Akapewa shilingi elfu mbili na ahadi ya jogoo, akatoka. Halafu akashika jembe, akafukia mpaka mwisho. Vijana walimwomba awapokee, akakataa. Jioni nilimwona anapaka mafuta ya taa kwenye malengelenge ya viganja.

Nimekuwa mshereheshaji wa harusi na sendofu Dar es Salaam kwa miaka mingi sasa, na vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza kama inawezekana kuchekesha watu kwa makabila yao bila kumuumiza mtu. Inawezekana. Nimeiona makaburini kwa baba yangu. Lakini mimi mwenyewe nimeshaumiza, kwa hiyo nitaeleza yote mawili.

Wangoni na Wahehe hawakuanza kwa kutaniana. Walianza kwa kuuana. Kati ya 1878 na 1882 walipigana vita vikali, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Utani ukaja kukaa mahali pa mkuki. Wanyamwezi na Wazaramo njia yao ilikuwa nyingine: misafara. Wapagazi walishuka kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, miezi wakiwa njiani, wakipita na kulala katika nchi za watu. Ukiugua huko, nani atakupa maji? Ukifa, nani atakuchimbia? Mtani. Ndiyo maana hadi leo mtani ana haki ya kukutukana na kuchukua kitu chako bila kuomba, na ndiye huyohuyo anayepaswa kuosha maiti, kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa pale ambapo ndugu hawawezi. Mgeni akisikia matusi anadhani ameuona utani. Ajabu ni kwamba matusi ndiyo sehemu ndogo kabisa.

Sasa kosa langu.

Mwaka 2011 nilisherehesha harusi moja Sinza. Bwana harusi alikuwa Mgogo, familia yake imetoka Dodoma na basi zima. Wakati wa kuwaita kwenye chakula nikasema kwa maiki: "Upande wa bwana harusi, leo mikono ya kuomba tuiweke mifukoni, chakula kipo cha kutosha." Ukumbi ulilipuka. Nikaona imekaa vizuri, nikaongeza nyingine, kuhusu taa za barabarani na watoto wa kutuma kwenye madirisha ya magari.

Meza ya mbele alikuwepo bibi yake bwana harusi. Alikuwa ameinua sahani, wahudumu wanakaribia. Nilimwona anairudisha mezani polepole, anakunja mikono ndani ya khanga. Hakula usiku ule.

Baba mdogo wa bwana harusi alinifuata wakati napanga spika. Hakufoka. "Mwanangu, unajua Mtunya?" Sikujua. "Mama yake yule bibi aliokoka Mtunya. Wadogo zake watatu hawakuokoka." Akaniaga, akaondoka.

Nilikwenda kuitafuta hiyo Mtunya, na kila mshereheshaji anapaswa kuijua kabla hajatamka neno ombaomba. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani na baada yao Waingereza walipita Ugogo wakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Kisha mvua ikakatika. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, inakadiriwa iliua watu 30,000 katika watu wapatao 150,000. Mtu mmoja kati ya watano. Watu waliuza walichobakiwa nacho, wakatawanyika kwenye nchi za jirani kutafuta chakula. Nchi yenyewe ni kame, na njaa imerudi mara kadhaa baada ya hapo. Kwa hiyo mkono ule tunaouchekea ulinyooshwa kwanza na mtu aliyenyang'anywa ghala na zizi.

Asubuhi ya pili nilikwenda stendi ya Ubungo kabla basi lao halijaondoka, na doti ya khanga mkononi. Nikapiga goti, nikamwambia bibi maneno niliyoyasema ukumbini, moja baada ya jingine, nikaomba radhi. Akaniuliza kabila langu, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mjukuu wangu, utani naujua. Mtani wangu akinisema, namrudishia hapohapo. Wewe ulikuwa na kipaza sauti, mimi nilikuwa na sahani."

Khanga aliipokea. Maneno yale nimebaki nayo.

Tangu siku hiyo najiuliza kwanza kama ninayemtania anaweza kunijibu. Makaburini kwa baba, mzee wa Iringa alitupa neno na wajomba wakamrudishia kabla halijatua. Ukumbini nilirusha peke yangu, kwa watu waliovaa vizuri, wamekaa kimya kwa adabu ya ugeni, na hawana maiki. Siku hizi wiki moja kabla ya harusi naiomba kamati inikutanishe na mzee au shangazi mmoja kutoka kila upande. Nauliza nani ni mtani wa nani, kama upo utani wa kweli kati yao, na nani mwenye mdomo. Kila familia ina mmoja. Siku ya harusi ikifika, mimi namwanzishia tu, maiki nampelekea yeye, halafu naivusha upande wa pili. Vicheko vinakuwa vikubwa kuliko nilivyowahi kuvipata peke yangu, na watu wanakwenda nyumbani wakiwa wamefahamiana.

Lingine ni kuangalia unachokigusa. Mhaya ukimtania kwa majivuno ya shule, mara nyingi atakusaidia kuipamba hadithi, kwa sababu umemgusa pale anapojisikia vizuri. Mpare ukimwambia aliuza ng'ombe wawili kugharamia kesi ya ng'ombe mmoja, atakuambia walikuwa watatu. Mchaga ukimwambia Desemba anawaachia Dar es Salaam nyinyi mliobaki, atacheka huku anafunga mizigo. Njaa haiko hivyo. Wala ugonjwa, wala vita, wala utumwa, wala umbile la mtu. Hivyo mtu hakuvichagua na hawezi kuvijibu, hata umpe maiki tano.

Hata kile cha kujivunia kina mpaka. Nimeshakaa kwenye kikao cha harusi ambapo mtu alikataliwa uhazini kwa "utani" kwamba Mchaga hakabidhiwi hela za watu. Wote walicheka, akacheka na yeye, na kazi akapewa mwingine. Neno likishaanza kumnyima mtu nafasi, ajira au nyumba ya kupanga, hapo hakuna utani tena, hata kama midomo inacheka.

Lafudhi nayo. Vijana wengi wanajenga onyesho zima kwa kuigiza Kisukuma au Kikurya ndani ya Kiswahili. Jaribu hivi: sema kichekesho chako kwa lafudhi yako mwenyewe. Kama hakichekeshi tena, basi hukuwa na kichekesho. Ulikuwa unawachekesha watu kwa namna mwenzao anavyotamka lugha yake ya pili.

Naambiwa sana kwamba sisi Watanzania hatuna ukabila, hivyo hakuna madhara. Ni kweli tumejaliwa. Shule za bweni zilizowapeleka watoto mikoa ya mbali, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Kiswahili chenyewe, vimetusogeza karibu sana. Utani ni mmoja wa walezi wa amani hiyo, ndiyo maana inaniuma unapotumiwa vibaya. Majirani zetu wameona neno linaweza kufika wapi. Kenya, neno madoadoa, ambalo kwetu ni la ngozi ya chui, lilitumiwa Bonde la Ufa kuwaita watu wa makabila mengine waonekane wa kung'olewa, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 walikufa. Rwanda, redio RTLM ilianza matangazo Julai 1993 na ilipendwa kwa muziki mzuri na watangazaji wachekeshaji. Katikati ya vicheko Watutsi wakaitwa inyenzi, yaani mende. Mwaka uliofuata yalitokea mauaji ya kimbari. Kesi ya vyombo vile vya habari ilisikilizwa hapahapa Arusha, na hukumu ikatolewa Desemba 2003. Mshereheshaji wa Sinza hayuko huko, najua. Wazee wetu walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na walikuwa wanauguza vidonda walivyoviona.

Sitaki vichekesho vya makabila viachwe. Vikiachwa tutabaki na adabu ya mezani, kila mtu anamwogopa mwenzake, na siku ya msiba hakuna atakayethubutu kulivaa koti la marehemu. Nataka anayetania awe tayari kwa upande wa pili wa kazi hiyo: kujibiwa mbele ya watu, na kushika jembe.

Na kama umeshalisema, neno limetoka na umeona sahani inarudishwa mezani, usiseme "nilikuwa natania tu." Hilo linamwongezea mtu kosa la kutojua kucheka. Zima muziki, nenda kwenye meza yake mwenyewe, usimtume mhudumu. Taja ulichosema, omba radhi kwa sauti ileile uliyoitumia kumwumiza. Akitaka maiki, mpe.