Shujaa au Mazingaombwe: yupi anapiga zaidi?

Anayefika barazani kwetu Kikwajuni, hapa Unguja, kwa mara ya kwanza haulizi mchezo unachezwaje. Anauliza: "Yakhe, yupi mwenye nguvu? Nipe huyo." Kwa miaka miwili nilikuwa nikijibu swali hilo haraka, na nikijibu vibaya. Mtu mmoja karibu aache kuja kwa ajili ya jibu langu.

Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la 2014: mchezo wa hadithi ambapo msimulizi anaeleza safari na kuwaendesha maadui, kila mchezaji ana mhusika wake, na dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua kama pigo limepata. Tunakutana Alkhamisi baada ya isha, na mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe. Mimi ndiye msimulizi. Dadu hiyo hatukuwa nayo mwanzoni, kwa hiyo tulikunja vikaratasi ishirini vyenye namba tukavitia kwenye kikombe cha kahawa. Vinafanya kazi ile ile, ila upepo wa kaskazi ukivuma mchezo unasimama watu wanakimbizana na namba kumi na saba.

Fani za wahusika tumezipa majina ya kwetu. Mpiganaji ni Shujaa. Mdokozi wa vichochoroni ni Mjanja. Anayeomba nguvu kwa miungu yake ni Tabibu. Yule anayepigana kwa kupandwa na hasira ni Hamaki, maana tafsiri ya moja kwa moja ya jina lake ni "mshenzi", na neno hilo lina historia yake katika pwani hii, sitaki litamkwe kwa mzaha barazani kwangu. Msomi wa sihiri tulimwita Mchawi, mpaka usiku mmoja jirani yetu, bibi wa watu, akasikia dirishani kwake, "Mchawi kashakufa, tumwache hapo hapo!" Asubuhi alikuja kumuuliza mama yangu tunafanya nini. Tangu siku hiyo anaitwa Mazingaombwe.

Sasa kosa langu. Mmoja wetu anasomesha hesabu skuli, na alikuja na daftari lenye jedwali. Shujaa wa daraja la 5 anapiga mara mbili kwa zamu. Upanga wa mikono miwili ni dadu mbili za pande sita, jumlisha 4 za nguvu zake, wastani anamtoa adui uhai 11 kwa pigo. Adui mwenye kinga 15, yaani dadu pamoja na nyongeza zako lazima zifike 15 ndipo umpate, anapatikana mara 65 kwa mia, kwa hiyo Shujaa anatoa kama 14 kila zamu. Mjanja anapiga mara moja tu, lakini akimvizia adui aliyeshughulishwa na mwenzake anaongeza dadu tatu, na anafika kama 12. Mazingaombwe akirusha kimoto chake cha bure, kile kisichomalizika, anatoa 7. Mwalimu akafunga daftari. Nami nikamwambia kijana mgeni, fundi simu wa Darajani: chukua Shujaa, hesabu imeshasema.

Wiki mbili za mwanzo alifurahi. Halafu wakafika pangoni, vibwengo sita wamejazana kwenye njia. Kibwengo mmoja ana uhai 7. Fundi wetu alikuwa anahesabu wawili wa kwanza atakaowaangusha, na zamu ikawa ya Mazingaombwe, ambaye anachezwa na mpwa wangu wa kidato cha tatu. Akarusha tufe la moto. Dadu nane za pande sita, wastani 28, kwa kila aliyemo ndani ya futi 20 kutoka katikati. Hata anayefanikiwa kujiokoa anapata nusu, na nusu ya 28 ni vibwengo viwili vya uhai. Wote sita chini kwa zamu moja. Jedwali la mwalimu lilikuwa na adui mmoja, na kimoto cha bure tu.

Alkhamisi iliyofuata, vile vile. Na iliyofuata. Fundi akaanza kuchelewa, kisha akaanza kutazama simu yake. Siku moja akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Kaka, mimi hapa kazi yangu kubeba mizigo."

Nilichofanya kwanza ni ujinga: nikampa upanga wa ajabu unaowaka. Haukusaidia, kwa sababu tatizo halikuwa upanga. Lilikuwa ratiba yangu. Tunakaa saa mbili na nusu hivi, inatosha vita kimoja na ubishi wa vita vitatu. Kila Alkhamisi nilikuwa naanza kwa kusema, "Mmeamka, mmelala vizuri." Yaani kila wiki Mazingaombwe anaingia vitani na sihiri zote, anazimwaga zote kwenye vita kimoja, kisha namlaza tena zirudi zote. Katika daraja la 5 ana nafasi mbili tu za tufe la moto, na ya tatu akipumzika saa moja na kurudisha kidogo. Kitabu cha msimulizi cha toleo lile kinahesabu vita sita mpaka vinane vya wastani katika siku moja kabla ya usingizi wa saa nane. Mimi nilikuwa natoa kimoja.

Anayejua bao atanielewa upesi. Mnaanza na kete 10 ubaoni kila mmoja na 22 mkononi, na wakati wa namua kila zamu unatia moja. Mazingaombwe anaishi kwenye namua. Hodari wa namua anakutisha, lakini mkono ukishakuwa mtupu mnaingia mtaji, mnacheza kwa kete zilizomo ubaoni tu, na hapo mnajuana. Mimi nilikuwa nikifika mwisho wa namua, navuruga ubao, naanza mchezo mpya. Shujaa mtaji hakuufikia hata siku moja.

Kwa hiyo, kama wewe ndiye msimulizi na mnakutana muda mfupi kama sisi, ushauri wangu ni huu: usiku mmoja wa kucheza usiufanye siku moja ya hadithi. Tukimaliza, kila mtu ananiandikia kwenye karatasi uhai uliobaki na sihiri zilizobaki, nakaa nazo mimi, na Alkhamisi inayofuata tunaanzia hapo hapo. Siku moja ya hadithi sasa inakula wiki tatu, nne. Mpwa wangu alinuna kweli kweli. Lakini wiki ya tatu lilitoka zimwi, peke yake, uhai 59, na yeye hana kitu ila kimoto. Shujaa akatumia ile nguvu ya ghafla inayompa zamu ndani ya zamu, inayorudi kwa kupumzika saa moja tu: mapigo manne, yote yakapata, na dadu zikamwonea huruma. Arubaini na tisa. Fundi alisimama juu ya baraza. Simu yake ilikuwa mfukoni.

Anayeingia leo namuuliza kwanza kama ana uvumilivu wa kutunza. Kama hana, asichukue Mazingaombwe. Atamaliza vyote mlangoni. Na akichukua, ajue tufe la moto halichagui rafiki. Mjanja wetu ana makovu. Hamaki sina mengi ya kusema juu yake: silaha za kawaida zinamuumiza nusu wakati wa hasira, katika daraja la 5 hasira anazo tatu kwa siku, na anafaa kwa mtu aliyetoka kazini amechoka asiyetaka kusoma chochote.

Ila Tabibu nimemdhulumu. Kwenye jedwali la mwalimu alikuwa wa mwisho. Dada mmoja muuza vitambaa ndiye anayemcheza, na baraka yake inawapa watu watatu dadu ya pande nne juu ya kila jaribio la kupiga, wastani 2.5. Ile 65 kwa mia ya Shujaa inafika 77 na nusu, na ya wenzake wawili pia. Hesabu hiyo yote ilikuwa inaandikwa kwa majina ya wengine. Dada akadai haki yake: pigo lolote linalopata kwa sababu ya dadu ile, aliyepiga lazima aseme kwa sauti, "La dada hilo." Alkhamisi iliyopita tulilisema mara kumi na moja, na mwalimu ameomba daftari lake arudishiwe.