Jibu: Je, Wakatoliki na Wamenoniti waligombania ubatizo tu?
Salamu, ndugu. Umeuliza kama Wakatoliki na Wamenoniti (Wakristo waliobatiza watu wazima tu) wa Uholanzi katika karne ya 16 waligombania ubatizo tu. Nami nilikwama hapohapo, hadi nilipoanza na Menno Simons mwenyewe, ambaye Wamenoniti wanaitwa kwa jina lake: akiwa padri Mkatoliki, ameshika mkate na divai katika misa, alianza kushuku kama kweli vinageuka kuwa mwili na damu ya Kristo. Suala la ubatizo lilimjia mwaka 1531, aliposikia kwamba mtu amekatwa kichwa huko Leeuwarden kwa kubatizwa mara ya pili. Basi tazama kwanza Ekaristi, kisha hukumu zenyewe walizopewa waliobatizwa upya. Ile ya Dirk Willems, aliyechomwa moto Asperen mwaka 1569, inataja kubatizwa upya pamoja na mikutano ya siri nyumbani mwake.