Usiandikishe watu 30, mdogo wangu. Wape kazi hao 19 kwanza

Futa hilo tangazo la pizza la kuvutia wapya. Leo hii, kabla hujalala.

Nimesoma uzi wako wote. Umechaguliwa mwenyekiti wa tawi la frateniti, mmebaki 19, unataka kuingiza 30 muhula huu, na umeuliza pia kuhusu alama za darasani, wazee waliohitimu na ugomvi wa jikoni. Waliokujibu juu hapo wanasema "hongera kiongozi, ongeza namba". Hao hawajawahi kushika daftari la hesabu la tawi. Mimi nimelishika, na dola 600 zangu za kupanga vitabu maktaba zilizama humo.

(Kwa wasiojua: frateniti ni vyama vya wanafunzi wa kiume vya vyuo vya Marekani, vina majina ya herufi za Kigiriki. Mama aliponiona pichani na fulana yenye herufi hizo alifunga siku 3 akijua mwanawe kaingia Freemason. Ningejua yanayokuja ningefunga naye.)

Sisi tulikuwa 17, kwenye nyumba ya tawi. Akaja kijana wa makao makuu ya frateniti yetu, wale washauri wanaozunguka matawi na begi moja, kahitimu juzi tu, tai imemkaba. Kila tulichomuuliza, dawa ilikuwa moja. Vitanda vitupu? Namba. Hamna hela? Namba. Mikutano imepoa? Namba. Mimi, mhazini, ndiye niliyepiga makofi kuliko wote. Tukapika, tukagawa fulana, ndani ya wiki 2 tukaandikisha 31. Picha ya watu 48 kwenye ngazi ilipendeza, siwezi kukataa.

Sasa sikiliza alichokimeza yule bwana. Makao makuu yetu hayakuwa yanahesabu wanaohudhuria. Yalihesabu majina yaliyomo kwenye orodha siku inapofungwa, na kwetu ilifungwa Oktoba. Ada na bima, dola 280 kwa kichwa. Februari ikaja ankara ya vichwa 48, dola 13,440. Waliolipa ni 29. Pengo la dola 5,320, na simu ya mshauri inaita tu. Nilipompata siku ya nne akaniambia tatizo letu ni moyo. Moyo! Huo nilikuwa nao, ulinidunda usiku kucha. Tukauza televisheni ya sebuleni, tukamwachisha mpishi, na miezi mitatu tukala tambi hadi nikaanza kuziota.

Wale 19 ambao hawakulipa niliwafuata mmoja mmoja. Nilitegemea kilio cha hela. Wengi wakaniambia waliacha kuja, wakangoja aulize mtu, hakuna aliyeuliza. Mmoja alinitazama akasema, "Samahani, wewe nani?" Mhazini wake!

Na kuna ujinga mwingine tuliufanya wenyewe, huu simbebeshi mshauri. Wapya tuliwatwisha kufagia, kuosha masufuria na kupanga viti wiki zote za ugeni, halafu siku wakiapishwa wanakaa kwenye kochi. Kumbe tuliwafundisha kwamba kazi ni ya mgeni na mwenye nyumba hukaa. Frateniti ya Zeta Beta Tau walifuta kipindi hicho cha ugeni mwaka 1989. Sigma Alpha Epsilon wakafuata 2014, ingawa hao walisukumwa zaidi na vifo na aibu ya kutesa wapya.

Kwa hiyo shika hili tu, mengine yote nitakusamehe: jina jipya lisiingie kwenye orodha mpaka kila aliyemo awe na kazi ambayo isipofanyika, kuna mtu atamtafuta yeye kwa jina. Usinitajie "mjumbe wa kamati". Kamati ya watu 8 ni pa kujifichia.

Sisi tuliokaa tulikutana Jumapili moja, tukagawana. Huyu ana ufunguo wa stoo. Yule anapigia wazee 3 kila mwezi. Kulikuwa na kijana wa kemia, mwaka mzima sikuwahi kusikia sauti yake mkutanoni, tukampa meza ya kusomea Jumanne usiku: afungue chumba, achemshe kahawa, basi. Wiki ya tatu alikuja na wenzake wawili wa maabara. Hakuna aliyewapa fulana, na wote wawili walijiunga wenyewe. Mwaka uliofuata tuliandikisha 9 tu. Wote 9 walilipa.

Na ukiona 19 ni wachache, frateniti ya Alpha Phi Alpha ilianzishwa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906 na vijana 7 weusi, na kikundi chao kilianza kwa kusoma pamoja. Saba, kaka!

Orodha yenu inafungwa lini? Muulize mhazini wako, siyo mshauri. Kama fomu ya majina haijatumwa makao makuu, iache hapo ilipo. Kama mmeshatuma, andika hapa usiku huu huu, nitakwambia barua ya kuondoa majina inavyoandikwa. Ya kwetu tuliiandika Machi.