Maswali ya Wasomaji: Leza na Pete za Silikoni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Mikindani, Mtwara. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba vifaa vidogo vya silikoni vinavyochuja mawasiliano ya mkongo vinaweza kurekebishwa kwa kumulikwa tu. Wananiuliza: ikiwa silikoni huruhusu mwanga wenye ujumbe upite, mwanga mwingine utaibadilishaje? Na je, marekebisho hayo hudumu?

JIBU: Mwalimu, swali la kwanza hujibiwa na urefu wa wimbi. Mwanga wa mkongo, ambao mara nyingi ni infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya karibu nanomita 1,550, hupita ndani ya silikoni karibu bila kufyonzwa, ilhali mwanga unaoonekana, kama wa kijani, hufyonzwa na kugeuka joto.

Kifaa chenyewe aghalabu ni pete yenye nusukipenyo cha mikromita chache, ambayo hunasa mawimbi yale tu ambayo urefu wake ndani ya silikoni huingia mara kamili katika mzunguko wake. Upana wa njia ya mwanga ukikosewa kiwandani kwa nanomita 1, wimbi linalonaswa husogea kwa takriban kiasi hicho hicho, na mikondo jirani ya mawasiliano, kila mmoja ukiwa na urefu wake wa wimbi, mara nyingi hutenganishwa na nanomita 0.8 tu. Usahihi wa namna hiyo ni mgumu mno kuupata kwa kila pete, ndiyo maana urekebishaji si anasa.

Silikoni ikipata joto, mwendo wa mwanga ndani yake hupungua, na wimbi linalonaswa hurefuka kwa karibu nanomita 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Leza hafifu hutosha kwa kazi hiyo. Lakini ikizimwa, pete hupoa na kurudi ilikokuwa, kama ngoma ya Wamakonde iliyokazwa kwa moto, ambayo baada ya muda hulegea na kudai kupashwa tena.

La kudumu huhitaji leza kali. Pete iliyo wazi hewani ikichomwa nayo, uso wa silikoni huungana na oksijeni na kuwa tabaka jembamba la oksidi, ambamo mwanga huenda kasi zaidi; hivyo wimbi linalonaswa hufupika, na halirefuki tena. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kazi ya fundi hasa: akizidisha kuchoma hana pa kurudi, kwa hiyo ni busara pete iundwe ikiwa imeelemea kidogo upande wa mawimbi marefu, kisha ashuke nayo taratibu huku akiipima kwa infraredi.

Hata hivyo, chumba cha mitambo kikipanda joto kwa nyuzi 10 baada ya kiyoyozi kuzimika, pete iliyokwisha kurekebishwa husogea karibu nanomita 0.8, yaani mkondo mzima. Kwa sababu hiyo kipasha joto kidogo cha umeme bado huwekwa kando ya pete, ila hutumia umeme kidogo zaidi, kwa kuwa hakilazimiki tena kufidia makosa ya kiwandani.