Mbegu Bora Imefika Kijijini, Mbona Kina Mama Hawaipandi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wakulima wa muhogo hapa Muheza. Msimu uliopita tuligawiwa pingili za mbegu bora, lakini wengi wetu hawakuzipanda. Wanaume wanasema sisi ni wakaidi. Je, ni kweli?
Katibu, Muheza

JIBU: Marahaba, binti yangu. Si kweli. Mbegu hiyo imeletwa kwa sababu ya ugonjwa wa muhogo uitwao michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 huko Amani, wilayani kwenu, na hadi leo anayeujua kuliko wote ni mwanamke mwenye kisu mkononi, anayeng'oa shina lenye majani ya kijani, akamenya, akakuta muhogo umejaa madoa makavu ya kahawia. Huyo hawezi kuidharau mbegu inayostahimili ugonjwa huo.

Kinachomrudisha nyuma zaidi ni ardhi. Muhogo hukaa shambani miezi tisa, mara nyingi mwaka na zaidi, na mama aliyekatiwa kipande na mume au shemeji kwa msimu mmoja hajui kama atakayevuna ni yeye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, kwa hiyo nendeni halmashauri ya kijiji mkaulizie hati ya hakimiliki ya kimila.

Kuna pia uzito wa kazi. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ekari inataka pingili zipatazo 4,000, nazo hukatwa, hubebwa na kupandwa siku zilezile za mvua ambazo mama anatafuta kuni kavu na kupalilia mahindi. Mafunzo nayo huitishwa asubuhi, akaalikwa mkuu wa kaya, ambaye pengine hashiki jembe la muhogo. Mwombeni afisa ugani aje alasiri.

Na jiko lisisahaulike: je, muhogo huo huiva ukawa laini kwa futari? Kisamvu chake kinalika? Unaweza kuachwa ardhini ukachimbwa kidogo kidogo? Hayo ni maswali ya mkulima makini, na haki yake ni kujibiwa kabla ya kupanda. Pandeni mstari mmoja kando ya muhogo wenu wa zamani, mpike yote miwili pamoja, kisha pingili za msimu ujao mzikate kwenye mashina ambayo mizizi yake mliipasua mkaikuta safi.