Nguzo za parafujo baharini: modeli ianze kwa kuichimbia nguzo

Modeli nyingi za kompyuta za nguzo za parafujo (nguzo za chuma zenye bamba la kuzunguka kama uzi wa skrubu, yaani hesi, zinazozungushwa kuingia ardhini) huchora nguzo ikiwa tayari imekaa ndani ya mchanga ambao haujaguswa, kisha huivuta juu. Jibu hutoka zuri kupita kiasi. Katika mchanga ulioshindiliwa, bamba la hesi likipita hulegeza mchanga unaobaki juu yake, na mchanga huohuo ndio unaotegemewa nguzo inapovutwa. Fremu ya chuma ya miguu minne iliyosimama juu ya nguzo hizi inaposukumwa na upepo, mguu wa upande unakotoka upepo hutaka kung'oka, na mara nyingi mguu huo ndio unaoamua ukubwa wa nguzo zote.

Kwa hiyo iga uchimbiaji wenyewe. Kabla ya yote amua uwiano wa kushuka, yaani umbali ambao nguzo hushuka kwa mzunguko mmoja ukigawanywa kwa nafasi ya hesi (kimo ambacho hesi hupanda katika mzunguko wake mmoja). Hesi yenye nafasi ya mita 0.5 inayoshuka mita 0.5 kwa mzunguko ina uwiano wa 1. Usiung'ang'anie uwiano huo. Kwa nguzo kubwa za baharini unadai msukumo wa kwenda chini ambao uzito wa fremu na mashine huenda usiutosheleze. Jaribu 0.5 au chini zaidi: bamba husukuma mchanga juu, nao hulirudishia nguvu ya kuivuta nguzo chini. Ukinzani dhidi ya kung'oka pia huweza kuongezeka, ila ule wa kugandamizwa hupungua, kwa hiyo kagua pande zote mbili.

Kwa hatua hii tunapendelea mbinu ya punje mojamoja, inayohesabu mwendo wa kila punje ya mchanga. Punje halisi zenye kipenyo cha milimita 0.14 haziwezekani, kompyuta italemewa. Zikuze, lakini weka ndogo karibu na nguzo na uzikuze taratibu kuelekea pembeni. Ukubwa ukiruka ghafla, punje ndogo hupenya kati ya kubwa. Sawazisha msuguano wa punje kwa majaribio ya maabara ya mchanga huohuo kabla ya kugusa nguzo. Unaweza kuharakisha mzunguko ili kuokoa muda, mradi namba ya inesha (kipimo cha athari ya kasi ya punje ikilinganishwa na mgandamizo unaozibana) ibaki chini ya 0.001; ikizidi, unapima kasi, si mchanga.

Elementi finiti (mbinu inayogawa udongo wote katika vipande vidogo badala ya punje) zinafaa baadaye, kwa mizigo ya mawimbi inayojirudia, ukiwa umeziingizia msongo na ulegevu uliotokana na uchimbiaji.

Tahadhari kubwa ni kanuni ya kukadiria ukinzani kutokana na nguvu ya kuzungushia. Kizidishio chake, kinachozidishwa na nguvu hiyo kupata ukinzani, ni takriban 23 kwa mita kwa shina (bomba la nguzo) lenye kipenyo cha milimita 89, na 9.8 tu kwa milimita 219. Kimetokana na nguzo ndogo za nchi kavu na hushuka shina linaponenepa, kwa hiyo usikipeleke kwenye shina la mita moja. Linganisha mkunjo mzima wa grafu ya nguvu ya kuzungushia, kina kwa kina, na jaribio la mashine pewa (inayozungusha kielelezo kidogo kwa kasi ili kuiga uzito wa udongo halisi). Jumla ya mwisho inaweza kulingana kwa bahati hata kama umbo la mkunjo limekosewa.