Rimu za mbele kuwa nyeusi kila wiki

Ndugu, umesema rimu za mbele zinarudi kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kuosha, na kijana wa kuosha magari pale Nzuguni anakushauri asidi. Usikubali, itakula rangi ya rimu.

Weusi huo si vumbi letu jekundu la Dodoma. Ni chembe za diski ya breki na pedi zinazoibana, zinazosagika ukikanyaga breki. Mbele zinazidi kwa sababu breki za mbele ndizo zinabeba kazi kubwa.

Osha rimu zikiwa zimepoa, maana maji baridi kwenye diski ya moto yanaweza kuipinda. Mwagia maji kwanza, kisha shampuu ya gari na brashi laini, tairi moja moja, povu lisikaukie hapo. Kitambaa cha rimu kisiguse bodi, kitaichora. Zikikauka, paka nta. Uchafu hautang'ang'ania sana. Na usipulize kwa kompresa, unga ule ni mbaya kwa mapafu.

Pedi za seramiki hutoa unga kidogo. Ukitoka Iringa kuja Dodoma, mteremko wa Nyang'oro shuka na gia namba mbili, usikanyage breki muda wote, unga utapungua.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba rimu ya kushoto inazidi ya kulia. Baada ya safari, sogeza mkono karibu bila kugusa. Ikiwa na joto kuliko mwenzake, au gari linavuta upande, huenda kalipa, kifaa kinachosukuma pedi kwenye diski, imekwama. Hapo muone fundi wa breki kabla ya safari ndefu.